Depanezi ya Zamani Inapokataa Kazi: Kusaka Chanzo kuanzia Ndoano hadi Injini

Depanezi, yaani lori la kuvuta na kuokoa magari, tuliyoitengeneza upya hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni lori la petroli, la mwanzoni mwa miaka ya 1950, lenye injini ya silinda sita na umeme wa volti 6, na mgongoni limebeba mtambo wa kreni wenye mikono miwili na winchi mbili, yaani mashine za kuviringisha kamba. Lilikaa miaka mingi chini ya mwembe, likinyeshewa kuanzia Septemba hadi Mei. Tulipolipata tulifanya kosa ambalo karibu kila fundi hulifanya, yaani tulianza na injini, kwa sababu injini inanguruma na kunguruma kunatia moyo. Miezi miwili baadaye injini iliimba vizuri, lakini siku ya kwanza ya kujaribu kuvuta, ilizimika kila mara kamba ilipokaza. Tulirudi kwenye kabureta, tukarudi kwenye platini, yaani vigusano vya kuwashia cheche, tukapima mgandamizo wa silinda zote sita. Chanzo kilikuwa kwenye ncha ya mkono wa kreni, ambako roda ya kapi, yaani gurudumu lenye mfereji ambalo kamba hupita juu yake, ilikuwa imeganda kwa kutu na kamba ilikuwa inasuguliwa juu yake badala ya kuizungusha.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Unaanza kwenye ndoano na kumalizia kwenye injini, kwa kuwa dalili ya depanezi huonekana sehemu moja wakati chanzo chake kimelala sehemu nyingine, na mahali pa bei nafuu na pa haraka kukagua ni mwisho ule wa nje.

Njia ambayo nguvu inapita

Mtambo wa aina hii ulianzia Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, Marekani, ambako fundi wa gereji aitwaye Ernest Holmes aliunda gari la kwanza la kuokolea magari mwaka 1916, baada ya kusumbuka kulitoa mtoni gari la Ford kwa kamba, kapi na nguvu za watu. Mchango wake mkubwa ulikuwa mikono miwili inayoweza kugeuzwa pembeni kila mmoja peke yake. Mkono mmoja unavuta gari lililoanguka bondeni, na kamba ya mkono wa pili inafungwa upande wa pili wa barabara, kwenye mti au mwamba, ili depanezi yenyewe isipinduke. Asiyeelewa jambo hilo huuona mkono wa pili kuwa wa akiba, na nimewahi kuona mtambo uliong'olewa mkono mmoja ili vyuma vyake viuzwe. Katika mji uliojengwa juu ya miteremko kama huu wetu, huko ni kulifanya lori liwe kilema.

Nguvu inatoka injini, inapita klachi na giaboksi, kisha inaingia katika kitoa nguvu, yaani sanduku dogo la gia lililofungwa ubavuni mwa giaboksi, ambalo wazee wa garaji za hapa wanaliita kwa Kifaransa prise de force. Kutoka hapo shafti na mnyororo vinazungusha parafujo ya chuma iliyoshikana na gurudumu la meno la shaba. Gurudumu hilo linazungusha ngoma ya kamba pale tu klachi ya meno inaposukumwa iumane. Kamba ya chuma inatoka kwenye ngoma, inapanda hadi kwenye roda iliyo kichwani mwa mkono, na kuteremka hadi ndoano. Fundi aikariri njia hiyo kabla ya kushika spana, maana kila swali litakalofuata ni swali la mahali ambapo nguvu imepotelea njiani.

Dalili: winchi inazunguka, lakini mzigo unasogea kwa shida au injini inazimika

Zima injini kwanza. Achanisha klachi ya meno ili ngoma iwe huru, kisha uvute kamba kwa mikono, ukiwa umevaa glavu nzito za ngozi. Mtu mmoja anapaswa kuweza kuitoa bila kujikaza sana. Ikiwa inagoma, achia kamba kutoka kwenye roda na uvute tena moja kwa moja kutoka kwenye ngoma. Kama sasa inakuja kwa wepesi, ugonjwa uko kwenye roda, na huna sababu ya kufungua kabureta. Roda iliyoganda inaweza kula theluthi ya nguvu au zaidi kwa msuguano peke yake, na alama yake ni upande mmoja wa mfereji uliong'aa na kulika huku upande wa pili ukiwa na kutu. Itoe, safisha pini na bushi yake, fungua tundu la grisi ambalo kwa kawaida limezibwa na rangi ya miaka mingi, na uangalie kama mfereji haujachongwa alama za nyuzi za kamba ya zamani. Mfereji uliochongwa namna hiyo utaiharibu kamba mpya kwa muda mfupi, kwa hiyo uchongwe upya kwenye mashine au roda ibadilishwe.

Ikiwa roda ni nzima, hesabu tabaka za kamba zilizobaki kwenye ngoma. Hapa wengi hudhani winchi imechoka, kumbe ni hesabu tu. Ngoma yenye kipenyo cha milimita 200 na kamba ya milimita 13 huvuta kwa nguvu yake yote kwenye tabaka la kwanza, lakini ikifika tabaka la nne inabaki na takriban asilimia 73 ya nguvu hiyo, kwa kuwa kamba imesogea mbali na katikati ya ngoma. Dawa ni kutoa kamba nyingi zaidi, kuipitisha katika kapi lililofungwa kwenye mzigo, na kuurudisha mwisho wake kwenye lori. Nguvu inakaribia kuwa maradufu, mwendo unakuwa nusu, na kamba iliyojaa ngomani inapungua, kwa hiyo unapata faida mbili kwa mpigo mmoja. Ukumbuke tu kwamba kapi hilo na mnyororo wake hubeba mara mbili ya mvuto wa kamba, na mara nyingi ndilo linalokatika, kwa sababu limenunuliwa kwa kutazama kamba badala ya kutazama mzigo. Usitoe kamba yote pia: mizunguko mitano ibaki kwenye ngoma, maana ile skrubu ndogo inayoishika ncha ya kamba haikutengenezwa kubeba gari.

Kamba yenyewe

Kamba ya chuma haiponi wala haitengenezwi. Inakubalika au inatupwa. Ipitishe polepole juu ya kitambaa cha pamba, ambacho kitanasa kwenye kila uzi uliokatika, na uhesabu. Nyuzi sita zilizokatika ndani ya urefu wa msokoto mmoja kamili, au tatu katika mkia mmoja, yaani fungu moja la nyuzi, ndani ya msokoto huo, zinatosha kuihukumu. Pinda kali lililoacha alama ya kudumu, mahali palipovimba kama kiota, kutu inayotoka ndani ukiikunja, au kipenyo kilichopungua waziwazi, kila kimoja peke yake kinatosha pia. Kipenyo kipimwe juu ya migongo ya misokoto, kwa kipimo cha kalipa, na si kwenye mabonde yaliyo kati yake.

Kamba inayojirundika upande mmoja wa ngoma na kujizika katikati ya tabaka za chini ni dalili ya mambo mawili. Ama iliviringishwa bila mzigo, ikalala kwa ulegevu, ama inaingia kwenye ngoma kwa mshazari mkubwa kwa sababu mkono umegeuzwa mno pembeni. Iviringishe upya ikiwa imekazwa na mzigo mdogo, kwa mfano gari dogo linalovutwa kwenye mwinuko huku dereva wake akigusa breki.

Kuhusu vibano vya ncha ya kamba nina neno, kwa sababu vitatu kati ya vinne ninavyoviona mjini vimefungwa kinyume. Kibano kina sehemu mbili: upinde wenye umbo la herufi U, na tandiko lenye mifereji. Tandiko lazima likae juu ya upande wa kamba unaobeba mzigo, na upinde uibane ile ncha fupi iliyorudishwa nyuma. Ukigeuza, upinde unaiponda kamba inayofanya kazi. Kwa kamba ya milimita 13 funga vibano vitatu, vikitengana kwa umbali wa vipenyo sita vya kamba, na ukaze nati tena baada ya mzigo wa kwanza, kwa kuwa kamba hujinyoosha na kuwa nyembamba kidogo.

Dalili: mzigo ulioinuliwa unashuka wenyewe

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, na haitakiwi kupuuzwa hata kama unashuka kidole kimoja kwa saa. Watu husema parafujo haiwezi kurudi nyuma, kwamba inaweza kuzungusha gurudumu lakini gurudumu haliwezi kuizungusha yenyewe. Ni kweli ikiwa mpya, kavu na tulivu. Ikiwa imelika, imelowa mafuta, na lori linatikisika juu ya mashimo, inarudi. Ndiyo sababu mtambo ulipewa breki na ulimi unaouma kwenye meno.

Jaribio letu ni rahisi. Pipa la lita 200 likijaa maji lina uzito wa kilo 200 na ushee. Tunafunga matano kwenye jukwaa, tunayainua sentimita kumi tu kutoka ardhini, tunachora mstari wa chaki unaovuka ngoma na fremu yake, kisha tunaondoka kwa nusu saa. Hakuna anayepita chini yake wala karibu. Mistari ikiachana, fungua breki. Mara nyingi utakuta bitana zake zimelowa mafuta yaliyovuja kwenye sili ya sanduku la parafujo, na kubadilisha bitana bila kubadilisha sili ni kulipa mara mbili. Kama bitana ni kavu, tazama ulimi: springi yake huchoka, na ncha yake huwa duara kwa miaka ya kuuma na kuachia. Ncha hiyo ichongwe upya, isijazwe kwa kuchomelewa na fundi asiyejua kurudisha ugumu wa chuma.

Mafuta ya sanduku la parafujo yana hadithi yake. Yamwage kwenye beseni jeupe na uyatazame juani. Vumbi la rangi ya dhahabu ni gurudumu la shaba linalolika, na hapo inabidi kupima ulegevu kati yake na parafujo. Sababu mojawapo ni mafuta ya kisasa ya difu, ya daraja la GL-5, ambayo viungo vyake vya salfa, hasa vya aina za zamani, vinaweza kuishambulia shaba mtambo unapopata joto. Fundi hununua mafuta ya bei ghali akidhani anaufanyia mtambo hisani. Unachotaka ni mafuta mazito ya gia ya kawaida, yasiyo na viungo hivyo vikali.

Dalili: ngoma haizunguki kabisa, ingawa injini inafanya kazi

Fuata njia kutoka ngomani kurudi nyuma, kwa macho tu. Je, klachi ya meno imeumana? Fimbo yake hupinda, na mkono wa kabini unaweza kufika mwisho wakati meno hayajagusana. Kama yanaumana na kisha yanaruka mzigo unapokaza, pembe zake zimekuwa duara. Je, mnyororo uko mahali pake? Je, shafti ya kitoa nguvu inazunguka?

Ikiwa shafti inazunguka upande mmoja na kiungo kinachofuata kimesimama, umekuta pini ya kafara imekatika. Pini hiyo ya chuma laini iliwekwa hapo ife kabla ya parafujo, mnyororo au mkono wa kreni. Kwenye lori letu tuliikuta mahali pake bolti ngumu ya springi, iliyowekwa na mtu aliyechoka kubadilisha pini. Aliokoa makuta machache ya pesa. Gurudumu la shaba likapoteza meno mawili, na kutafuta la kuziba pengo lake kulitugharimu kuliko kitu kingine chochote katika kazi nzima. Pini ikikatika mara kwa mara, usitafute pini ngumu zaidi, bali rudi kwenye sehemu ya kwanza ya mwongozo huu ukatazame roda, tabaka za kamba na uzito wa unachokivuta.

Dalili: usukani unakuwa mwepesi unapokokota

Mzigo unaoning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma unafanya kazi kama mtoto aliyekaa mwishoni mwa bembea ya ubao. Tuseme kilo 2,000 zimening'inia mita 1.8 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli mbili za lori pana mita 3.8. Zidisha 2,000 kwa 1.8, gawanya kwa 3.8, utapata kwamba magurudumu ya mbele yamenyang'anywa karibu kilo 950, na ekseli ya nyuma imebeba karibu kilo 2,950. Kanuni inayofuatwa katika kazi hii ni kwamba angalau nusu ya uzito wa kawaida wa mbele ibaki mbele. Ikipungua hapo, fupisha mkono, sogeza mzigo karibu, au tumia gari jingine. Mawe yaliyofungwa kwenye bampa la mbele husaidia usukani, lakini huipunguzia ekseli ya nyuma kilo chache tu za ule mzigo wa nyuma.

Dalili hiyo ikitokea kwa mzigo ambao zamani lori liliubeba bila taabu, ingia chini yake na uitazame chesisi mahali nguzo ya mtambo inaposimama. Michirizi ya kutu nyekundu inayotoka chini ya vichwa vya ribiti inaonyesha kwamba ribiti zinacheza. Zigonge kwa nyundo ndogo: iliyokaza hulia kwa sauti kali, na iliyolegea hutoa sauti ya chungu chenye ufa.

Breki za lori

Kwa ufupi, kwa kuwa dalili zake ni zile za lori lolote la zamani. Pedali inayozama polepole ukiikanyaga kwa utulivu ni mipira ya silinda kuu. Pedali inayokuwa laini katikati ya mteremko mrefu, kama ule wa Ngomo kwenye barabara ya kwenda Kamanyola, ni maji yaliyoingia kwenye mafuta ya breki na sasa yanachemka. Pedali iliyo ngumu kama jiwe huenda ni ombwe la kisaidizi cha breki kutotosha, na jambo hilo linatupeleka kwenye injini na kwenye mwinuko wa mji wetu.

Injini, na vipimo vinavyodanganya

Bukavu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 16 au 17. Kitabu cha lori kiliandikwa na watu wa nchi za chini, na asiyejua hilo atafungua injini nzima bure. Kikisema mgandamizo wa silinda ni 120 kwa kipimo cha pauni, na geji yako ikasoma 100, silinda hiyo haina kasoro. Jambo la kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda: moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, mimina kijiko cha mafuta kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Vivyo hivyo geji ya ombwe iliyopaswa kusoma inchi 18 za zebaki itasoma karibu 13 hapa, na ndiyo sababu kisaidizi cha breki kinachotegemea ombwe hilo kina msaada mdogo zaidi kuliko kilivyokuwa kiwandani.

Moshi mweusi na plagi, au buji kama tunavyozoea kusema, zenye masizi makavu si lazima ziwe kabureta mbovu. Hewa imepungua lakini jeti bado inamimina petroli ya pwani. Weka jeti kuu ndogo kwa saizi moja au mbili, kisha utazame rangi ya buji baada ya kuvuta mzigo, si baada ya kuiacha injini ikizunguka bure uani. Kabla ya hapo hakikisha delko, yaani kigawa cheche, iko sawa: nafasi ya platini kwa injini nyingi za aina hii ni kati ya milimita 0.4 na 0.5, na platini zinazoungua haraka zinaishtaki kondensa.

Stata inayozunguka kwa uzembe kwenye umeme wa volti 6 mara nyingi haina hatia. Kwa kazi ileile, volti 6 inahitaji mkondo mara mbili ya ule wa volti 12, na waya za betri zinazouzwa sokoni Kadutu ni nyembamba, za magari ya volti 12. Pima kati ya nguzo ya betri na skrubu ya stata wakati inazunguka. Upotevu ukizidi robo ya volti, badilisha waya na usafishe viungo, hasa kile cha kwenye chesisi.

Imebaki injini inayofanya kazi vizuri asubuhi na kufa baada ya robo saa ya kuvuta. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 za selsiasi, na rejeta ya zamani yenye kifuniko kisichobana haina nafasi ya kusamehe, kwa hiyo matope yaliyoganda chini ya bloku yaoshwe kabla ya kulaumu pampu. Kama joto la maji liko sawa, gusa bomba la petroli kati ya pampu na kabureta. Likiwa la moto hata halishikiki, petroli inageuka mvuke ndani yake, jambo linalotokea upesi zaidi kwenye mwinuko. Funga kitambaa kilicholowa maji kwenye pampu na usubiri dakika chache. Injini ikiwaka, umepata jibu, na kazi inayobaki ni kulihamisha bomba hilo mbali na manifoldi ya moshi na kuweka bati la kukinga joto kati yake.